Kodi ya Bibi Tsiala

Mkataba wa shule ulikuwa na muhuri, bima,
na neno malazi lililochorwa mstari katikati.

Siku nne Zviad dalali alinizungusha Tbilisi
ndani ya gari lisilo na bampa la mbele.
Saburtalo: chumba na nusu, dola mia saba.
"Nusu iko wapi?" Akanionyesha pazia.
Vera: mama mmoja alisoma ngozi yangu
kabla hajasoma karatasi zangu,
akasema pamechukuliwa. Tangazo lilikuwa mlangoni,
gundi yake haijakauka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Mshahara kwa lari, kodi kwa dola:
sikuhitaji kikokotoo.
Usiku nilisahihisha madaftari hosteli, kitanda cha juu,
tochi ya simu mdomoni,
chini yangu mtu akikoroma.

Siku ya tano Zviad alinichoka, au alinihurumia,
kwa dalali ni vigumu kujua.
Akanipeleka Gldani, reli ya chini ya ardhi inapoishia,
jengo la ghorofa kumi na sita lililoanikwa mashuka,
na lifti inayokula sarafu:
tetri ishirini kupanda.
Kushuka ni bure.
Nilicheka peke yangu.

Bibi Tsiala alifungua, mikono ina unga.
Hakuuliza nimetoka wapi. Aliuliza kama navuta sigara,
kama naosha sufuria usiku ule ule,
kama mama yangu yu hai.
"Yu hai, Kandy. Magoti yanamsumbua."
"Magoti," akasema, akalinyoosha lake
kana kwamba wamewahi kukaa benchi moja hospitalini.

Chumba ni cha Levani, mwanawe.
Medali tatu za mieleka kwenye msumari mmoja,
bango la gari jekundu, kitanda kifupi.
"Hivyo usiguse."
"Na kodi?"
Akavaa miwani, akafungua daftari.
"Levani yuko Poland, mji wa Wroclaw, anapanga maboksi ghalani.
Analipa zloti mia nane na hamsini.
Utanilipa anacholipa yeye.
Sitaki zaidi. Pungufu pia sitaki."
Zviad akashika kichwa.

Basi kila tarehe mosi tunakaa jikoni,
mimi na kalamu, yeye na simu,
tunageuza zloti kuwa lari mpaka tetri ya mwisho.
Februari, mia tano sitini na tatu na tetri kumi.
Machi, kidogo juu.
Aprili mwenye nyumba wa Levani alipandisha
nami nikapandishwa pamoja naye.
Nilimlaani kwa Kisinhala mtu nisiyemjua,
Bibi akamlaani kwa Kijojia,
laana zikaelewana bila mkalimani.
Juni Levani aligawana chumba na vijana wawili.
Nikanunua viatu.
Bibi siku hiyo hakula.

Sijawahi kumwona huyo Levani.
Nalala na miguu ikining'inia alipoacha urefu wake,
najua alipougua (Agosti, alilipa nusu),
najua alipopata zamu za usiku.

Novemba hii simu haijalia.
Tarehe mosi. Ya pili. Ya nne.
Siulizi, na yeye hadai.
Unga umeumuka ukamwagika nje ya bakuli
na hakuna aliyeufuta.

Leo nimeweka mezani ya mwezi uliopita,
chini ya kopo la chumvi.
Ameisukuma kwangu. "Bado hatujui ni ngapi."
Nimeirudisha.
Ameisukuma tena, taratibu, kwa kidole kimoja.

Huko nje mtu ametumbukiza sarafu.
Nyaya zimelia, lifti inapanda.
Tumenyamaza wote wawili, tunahesabu ghorofa,
sisi tuko ya tisa.
Sita.
Saba.